Mkeka wa Nyuma

Mguu wa kulia ulisita katikati ya jukwaa.

"Usianguke," Chelagat aliomba kimoyomoyo. "Zimebaki hatua tisa tu."

Ngoma ililia. Mguu ukasogea tena, polepole, bila kuinuka sakafuni.

Katika mstari wa mbele alikaa Mzee Tokuji, aliyetoka Japani, macho yana ukungu wa uzee, roho ngumu kama jiwe la kusagia. Katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyewahi kuandikwa mchezaji wa ngoma yao ya vinyago. Dada yake, Bi Fusae, alimsihi miaka sitini. Mwishowe akakubali: "Cheza ngoma ya bibi kizee mbele yangu. Ikifika mwisho, nitakuandika. Ikikatika, usiniombe tena."

Bi Fusae alikuwa na miaka themanini na minane, na moyo uliochoka. Chelagat, binti wa Kapsabet, ndiye aliyemtunza kule Riverdale Park, ughaibuni. Miaka miwili alimshika kwapani sebuleni, wakienda hatua kwa hatua, miguu minne kama miwili.

"Shosho, hii ngoma yako inaenda kama jam ya barabara kuu ya I-95!"

"Na wewe unakanyaga kama ng'ombe. Kitendawili!"

"Tega." Vitendawili Chelagat ndiye aliyemfundisha bibi, basi amejitakia.

"Nina bibi asiyekufa."

"Si kinyago chako hicho?"

Bibi akacheka, akakohoa, kisha akamwonyesha mkeka mdogo nyuma ya mchezaji. "Hapa utakaa wewe. Mchezaji akianguka, wa nyuma huchukua nafasi yake, akamaliza. Hakuna kulia. Ndiyo sheria yetu, na ngoma huhesabiwa imefika."

Sasa, katika ukumbi wa Alexandria, mji wa jirani, kinyago kiligeuka taratibu. Mikono ilikuwa imezama ndani ya joho, kama inavyompasa bibi kizee. Hatua ya nane. Ya tisa. Ngoma ikanyamaza.

Mzee Tokuji aliteremka kitini, akainama hadi paji likagusa sakafu. "Dada, umefika," akasema, machozi yakimtiririka. "Leo hii nakuandika." Kisha akakunja uso. "Lakini mbona mkeka wa nyuma mtupu?"

Kinyago kiliinama, kikaondoka jukwaani.

Nyuma ya pazia Chelagat alikivua, akajifuta jasho, akapiga magoti, akakiweka juu ya uso baridi wa Bi Fusae, uliofunikwa leso tangu saa sita mchana.