Glavu za Fundi Shekue

Siku fundi seremala Shekue alipozikwa, shule ilikuja kuchukua glavu zake. Ndiyo sheria: glavu hujifunza mikono ya fundi, na akifa, wanafunzi huzivaa waonje kazi yake kabla ya kuchagua fani.

Eda ilipokwisha, mjane wake Zawena alikwenda shuleni kuona kama kweli zinamkumbuka. Mwanahawa wa kidato cha pili akazivaa, akapiga randa ubao ukalainika. Mara mkono ukachukua penseli, ukaichomeka kwenye ushungi wa Zawena, juu ya sikio.

Darasa likaangua kicheko.

"Jamani mama, samahani! Si mimi, ni glavu!"

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye kikopo chake cha penseli tangu tuoane."

Sasa Zawena huja kila Jumanne, na wanafunzi hupokezana mikono ya mumewe.