Rili Isiyolia

Mzee Sylvance Obura hakuwa na mto. Hakuwa na fimbo ya kuvulia, wala leseni, wala viatu vya mpira vya kuingilia majini. Hakuwa na gari la kumfikisha milimani waliko samaki aina ya trauti, na trauti mwenyewe alikuwa amemwona mara moja tu, kwenye sahani ya bosi wake wa zamani. Zaidi ya yote, hakuwa na ruhusa ya kubisha mlango wa nyumba namba nane.

Hata hivyo, Jumatano asubuhi alikuwa Kariobangi, kwenye kibanda cha Kiarie, muuza vitu vya kale, akichagua rili: kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi wa samaki.

"Chukua hii, mzee." Kiarie alimpa rili ya shaba, kubwa kama kopo la maziwa ya mtoto. "Ilikuwa ya mzungu mmoja wa Naro Moru. Samaki akivuta, inalia mpaka ng'ambo ya mto. Sikia!"

Trrrrr! Fundi wa majiko kibanda cha pili akainua kichwa.

"Hiyo ni ya mtu anayetaka kusikika," alisema Obura, akairudisha.

Ya pili aliipima mkononi, akaitua. "Na hii ni ya kuvulia mamba."

Ya tatu ilitoshea kiganjani: ya Kifaransa, rangi yake ya kijani imebabuka, nyepesi kama yai. Obura alikuwa amezisomea. Alifanya mtihani wa kidato cha nne akiwa na miaka arobaini na mmoja, kwa masomo ya jioni, na tangu hapo hakununua hata kiberiti bila kukisomea kwanza. Akafungua daftari lake, akalinganisha. Akazungusha mkono wa rili mara ishirini, sikio likiwa karibu. Kimya. Kisha akafunga kalamu yake ya wino kwenye ncha ya mshipi, akapanda ngazi ya Kiarie, akaiteremsha mpaka ikaning'inia shibiri moja juu ya sakafu.

"Mzee, mshipi hurushwa!" Kiarie alicheka. "Hauteremshwi kama ndoo ya kisima."

"Wewe uza. Na hii ndoana nikatie ncha."

"Bila ncha, samaki si ataenda zake?"

"Akitaka kwenda, aende. Mimi simshiki mtu kwa nguvu."

"Na fimbo?"

"Fimbo sitaki."

Kiarie alimtazama kwa huruma. "Mzee wangu, wewe utarudi na vidagaa vya omena." Akaitoa rili, akapokea saa ya mkono ambayo Obura alizawadiwa kazini siku ya kustaafu.

Huko Kayole, kwenye ghorofa alimopanga, habari za rili zilifika kabla yake. Kisa chake kilijulikana na wote. Kwa miaka miwili, Obura wa ghorofa ya nne na Truphena, mjane wa nyumba namba nane, ghorofa ya pili, walikuwa wakikutana kwenye ngazi na kucheka. Awuor, binti ya Truphena, hakukipenda kicheko hicho. Mama alipotapeliwa kwa simu, Awuor aliichukua simu. Obura alipobisha hodi, Awuor alifungua yeye, akafunga yeye. Na sasa Jumamosi lori lingekuja kumhamishia mama Kisumu, kwa kaka yake Awuor. Siku hizi Truphena alionekana dirishani tu, akiteremsha kikapu kwa kamba kununua mboga za sukuma kwa mchuuzi aliyesimama chini.

Obura alikuwa na swali moja la kumwuliza. Alikuwa amelichelewesha miaka miwili. Zilibaki siku tatu. Alikuwa amejaribu kumwita kutoka dirishani, lakini ghorofa ya tatu, katikati yao, aliishi Wekulo, mwenyekiti wa wapangaji, mtu anayesikia hata paka akipiga chafya. Awuor alipata taarifa kabla salamu haijaisha.

Huyo huyo Wekulo ndiye aliyemlaki kwenye ngazi, macho yakiwa kwenye rili.

"Jirani, umefikiri vizuri. Jumamosi uwe mbali, huko kwa trauti. Mzee mzima kusimama kutazama lori likipakia vitu vya watu, haipendezi."

"Haipendezi kabisa," alikubali Obura.

Awuor alifurahi hata akapanda ghorofa ya nne na zawadi: mita thelathini za uzi wa nailoni anaotumia kutungia shanga.

"Huu hauonekani hata juani, Baba. Samaki hatashtuka."

"Asante, binti yangu. Mungu akuzidishie."

"Na usiharakishe kurudi. Hewa ya milimani ni nzuri kwa watu wa umri wenu."

Ijumaa, saa tisa alasiri, Wekulo alikuwa dirishani kwake kama kawaida, gazeti limefunguliwa, masikio pia. Ghorofa moja juu yake, Obura aliandika sentensi nne, akafuta moja, akanakili zilizobaki kwa mwandiko wake wa masomo ya jioni. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha pamoja na kifungo cha koti, ili upepo usiipeperushe. Akailamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Akaitundika kwenye ndoana isiyo na ncha, mwishoni mwa uzi wa Awuor, akapitisha mkono katikati ya vyuma vya dirisha, akaachilia breki.

Rili haikulia. Bahasha ikashuka, ikapita nyuma ya gazeti la Wekulo, ikaendelea hadi dirisha la nyumba namba nane, ambako kikapu cha sukuma kilikuwa kimeshatolewa nje, na chini hapakuwa na mchuuzi hata mmoja.