Ratili Nne za Upepo

Kifuniko cha valvu hakifunguki ukiwa na glovu. Steingrímur alizivua zote mbili, akazitia mfukoni, akachuchumaa tena nyuma ya gari la Hafliði. Pampu ndogo ya betri ilinguruma chini ya koti alilolifunika ili isisikike.

Tairi tatu zilishanona, bado moja. Vifuniko vyote vilikuwa na utelezi kama grisi, na kwenye giza lile la alfajiri hakuhangaika kuangalia ni nini.

Jana Hallbera, mwenye banda hili, alipita na kipimo chake, akaacha ratili nne za upepo kwenye kila tairi. Kwenye theluji laini, ratili nne hulitambaza gari kama paka juu ya zulia. Ratili kumi na mbili hulichimbia kaburi.

"Kaburi la heshima, Hafliði," alinong'ona, akafunga kifuniko cha mwisho.

Baiskeli ya Sunnefa, mshindani wao wa tatu, iliyoegemea ukutani hakuigusa. Kuhujumu baiskeli angejidharau.

Miaka mitatu yeye na Hafliði walikuwa wakibishana. Steingrímur alizikubali tairi za kampuni ya Hrafn tu, Hafliði za Vargur tu. Walibishana mikutanoni, walibishana kwenye kituo cha mafuta na soseji mkononi, walibishana ndani ya bwawa la maji moto, vichwa viwili vyekundu juu ya mvuke.

"Hrafn hiyo, bwana, ni kifutio cha penseli."

"Na Vargur yako ina meno kama ya bibi yangu."

"Bibi yako si alishakufa?"

"Ndiyo maana yake."

Mwezi wa pili dereva wa gari kubwa la kikosi cha uokoaji alistaafu kwa sababu ya goti. Funguo zikaning'inia shingoni mwa Hallbera, mfuga kondoo na mkuu wa kikosi. Steingrímur alizitamani funguo zile kuliko alivyowahi kutamani kitu. Mwenye nazo kijiji kizima humpisha mlangoni.

Watu watatu walijiandikisha: yeye, Hafliði, na Sunnefa, nesi anayezungukia wagonjwa kwa baiskeli ya tairi nene, iwe theluji, isiwe theluji.

"Dada, utaokoa watu kwa kengele?" Steingrímur alimuuliza.

"Mfungieni kikapu mbele," alidakia Hafliði, "majeruhi akae humo na mkate."

Sunnefa alicheka nao. Walipomuuliza tairi zake ni za kampuni gani, alifikiri kidogo.

"Sijui. Maandishi yalishafutika. Huwa napima upepo tu."

Walicheka mpaka wakakohoa. Hallbera hakucheka.

"Jumamosi mtapanda theluji ya mlimani mpaka kwenye bendera," alisema. "Ijumaa vyombo vyote vilale bandani kwangu. Upepo nitapima mimi, na mtu asiuguse. Mlango haufungwi, kufuli limeganda. Jumamosi hiyo hiyo nitajua funguo nimpe nani."

Sasa Jumamosi yenyewe ndiyo hii, na Steingrímur alikuwa amerudi nyumbani anasugua vidole. Kulipokucha aliviona vimekuwa vya buluu, ile rangi wanayowapaka kondoo migongoni ili wajulikane ni wa nani. Sabuni haikuitoa, wala petroli, wala mswaki wa mkewe. Banda la mfuga kondoo, alijiambia, utagusa nini kisichokuwa na rangi? Akavaa glovu.

Jua la mlimani liliwaka vizuri, watu wamebaki na masweta. Hafliði naye alikuwa na glovu.

"Baridi," alisema Hafliði.

"Kali," alijibu Steingrímur.

Hafliði alitangulia. Hatua thelathini, gari likazama hadi tumboni.

"Vipi, Vargur inatafuta viazi?" Steingrímur alipaza sauti, akaruka kwenye usukani wake. Asubuhi nzima macho yake yalikuwa kwenye tairi za mwenzake. Alikanyaga mafuta, akaifurahia hatua ya kwanza, ya kumi, ya ishirini. Ya ishirini na nane, gari likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka.

Alishuka. Ndipo alipozitazama Hrafn zake kwa mara ya kwanza siku ile. Zilikuwa zimevimba, ngumu kama mawe. Alifungua kinywa kulalamika, akakifunga. Akilalamikia upepo, Hallbera atapima tairi zote nane.

Jambo la ajabu, Hafliði naye hakutaja upepo. Aliilaani theluji.

Katikati yao ilipita baiskeli, polepole, Sunnefa akihema juu yake kama mbwa. Hakumtazama mtu. Baada ya muda kengele ililia huko juu kwenye bendera, mara moja tu.

Alipoteremka, Hallbera alikuwa ameshamimina kahawa juu ya boneti na kufungua bakuli la maandazi ya kusokota.

"Haya, vueni glovu mle."

"Mimi nimeshiba, mama," alisema Hafliði.

"Mimi sukari nimeacha," alisema Steingrímur.

"Nimesema vueni."

Walizivua taratibu, kama watoto wanaokaguliwa kucha. Vidole ishirini, vya buluu kwa buluu. Hafliði alivitazama vya Steingrímur, Steingrímur alivitazama vya Hafliði. Sunnefa alinyoosha mkono katikati yao kuchukua andazi, mkono mwekundu kwa baridi, hauna doa.

Hallbera aliitazama mikono hiyo mmoja mmoja, kama anavyowatazama kondoo siku ya kuwatenganisha zizini. Kisha akaivua kamba shingoni.

"Tairi za gari la kikosi niliziagiza tangu Jumatatu," alisema, "wala si Hrafn, wala si Vargur." Akamwekea Sunnefa funguo kiganjani.