Kipengele cha Nne

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya gulio la Nkwenda, mwanamke mwenye kikapu alikigeuza kiti cha wateja, akakaa akiupa mgongo mlango wa chumba cha pili.

Najat, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu, alilazimika kusogeza kiti chake ili amwone uso. Mwanamke alikuwa amevuta kanga mpaka kwenye nyusi.

"Anayetia sahihi ndiye aliye humo ndani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiye, dada. Mwalimu wetu, Dk. Rwezaura."

"Na akishatia, anaweza kuifuta?"

"Hawezi. Fomu yenye sahihi inaingia kwenye rejista, na nakala inakwenda polisi leo leo. Kanuni aliiweka mwenyewe."

"Basi andika."

Kliniki hiyo ya msaada wa kisheria, ndani ya jengo la ofisi ya kata, ilikuwa na kanuni moja zaidi, iliyobandikwa ukutani. Dk. Rwezaura alizaliwa maeneo hayo, na nusu ya watu wa Karagwe na Kyerwa walikuwa ndugu au wakwe zake kwa namna fulani. Ili asimpendelee mtu, alisoma maelezo yasiyo na majina. Jina la mlalamikaji lilikaa ndani ya bahasha iliyofungwa. La mlalamikiwa liliandikwa na mwanafunzi kwenye kipengele cha nne, baada ya sahihi. Aliwafundisha wanafunzi hivyo kwa miaka tisa, na gulio lililopita walikuwa wameyatangaza hayo yote kwa kipaza sauti.

Mwanamke aliitwa Kokuberwa, mjane wa miaka thelathini na mmoja. Kwa siku kumi na tisa mlango wake ulikuwa ukifungwa kwa kufuli, kwa nje. Ukoo ulimtaka asaini karatasi ya kuachia kibanja chake, migomba na kahawa yote, kabla ya kikao cha Ijumaa. Leo shemeji yake alikuwa amemleta gulioni kwa pikipiki. Benadeta, binti yake wa miaka sita, alibaki ndani ya nyumba. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shemeji.

"Kwa nini usitoroke sasa hivi?" Najat aliuliza.

"Na mtoto nimwachie nani?"

Najat alitazama dirishani. Ng'ambo ya barabara mwanaume alikuwa amekaa juu ya pikipiki, kikombe mkononi.

"Ndiye yule?"

"Ndiye Jovitus."

"Amekuruhusuje kuingia humu?"

"Nimemwambia nampelekea mzee chakula." Kokuberwa aligusa kikapu. Mvuke wa ndizi na maharage ulipenya kwenye majani ya mgomba. "Na mwenyewe hawezi kunifuata. Ameshaonja rubisi, na mzee hapendi walevi."

"Heri ya rubisi, basi," alisema Najat, akidhani ni mzee fulani wa ofisi ya kata.

Kokuberwa alitabasamu kidogo, halafu akarudi kutazama ukuta.

Saa nne na robo Najat aliipeleka fomu chumba cha pili. Dk. Rwezaura aliisoma kalamu ikiwa mkononi, neno kwa neno, kama alivyosoma mitihani.

"Ya tatu mwezi huu," alisema. "Kanoni, Nyabiyonza, na sasa hapa. Ukoo tofauti, kufuli lilelile. Ufunguo anao nani?"

"Shemeji. Kwa amri ya baba mkwe."

"Kipengele cha nne utamwandika nani?"

"Shemeji, Dokta."

"Umekosea. Huyo ni mtu wa kutumwa, tutafika kwake baadaye. Anza na aliyeamuru."

"Na akisema ni mambo ya ukoo?"

"Wote husema hivyo. Kumfungia mtu mzima ndani ya nyumba si mambo ya ukoo, ni jinai. Mtoto ana miaka sita?"

"Sita."

"Pigia mstari. Polisi waanze na huyo."

Alitia sahihi. Alichukia sahihi za kuviringisha. Yake ilikuwa jina zima, herufi moja moja, kwa wino wa bluu. Akaichukua fomu iliyofuata.

Najat alirudi mezani karibu akikimbia.

"Imepita, dada! Imebaki jina tu. Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Kokuberwa aliivuta kanga mbele zaidi.

"Usiogope."

"Si woga, mdogo wangu. Kwetu mkamwana halitamki jina la baba mkwe. Wala hakai akitazamana naye."

Najat alikulia dukani kwa baba yake, Bukoba mjini. Hilo hakuwa amelisikia.

"Basi liandike wewe."

"Kuandika na kutamka ni kulekule."

"Dada, bila jina hii karatasi haifiki popote! Jioni utarudi kwenye kufuli." Najat aliangalia nje. Jovitus alikuwa amesimama, akipangusa kiti cha pikipiki kwa mkono. "Nimuulize nani, basi? Mwenyekiti wa kitongoji?"

"Usimuulize mtu. Limeshaandikwa."

"Wapi?"

Kokuberwa aliinuka. Alikibeba kikapu kwa mikono miwili, akakitua taratibu mbele ya mlango wa chumba cha pili, uso ameugeuzia pembeni. Kisha akarudi mezani, akaweka kidole mwisho wa ukurasa, pale ambapo wino wa bluu ulikuwa haujakauka.

Saa nne na dakika arobaini, Najat alilinakili jina hilo kwenye kipengele cha nne.