Tone la Sita

Saa nane na dakika kumi mchana, mafuta ya breki yalikuwa yakidondoka kwenye gurudumu la kushoto la ndege. Fundi alichuchumaa na saa mkononi, akahesabu matone sita kwa dakika. Mwongozo unaruhusu matano.

Akafuta bomba kwa kitambaa, akahesabu upya. Sita.

"Fundi, tone moja tu ndilo unaloliitia kikao?" rubani alimtania kutoka dirishani.

Simu ikaita. Ni dada yake, aliyekuwa ndani ya ndege hiyohiyo.

"Kaka, mbona hatuondoki? Mjomba anasema mama anapumua kwa shida, na anatuulizia."

Ndege nyingine ilikuwa kesho. Kazi hii ndiyo iliyolipia matibabu ya mama miaka tisa, na ndiyo iliyomnyima fundi nafasi ya kumwona tangu mwaka juzi. Leo pia alikuwa kwenye zamu peke yake. Dada alikuwa akienda kwa niaba ya wote wawili.

Akahesabu mara ya tatu, midomo ikicheza. Kisha akaandika sita, akatia saini kuizuia ndege.

Abiria wakateremshwa. Dada akasimama mbele yake chini ya ngazi, akaelezwa habari ya matone.

"Yangekuwa matano, ungeniacha niende?"

"Ningekuacha."

Saa tisa na robo mjomba alipiga simu. Dada ndiye aliyepokea; alipoikata alisema, "Mama hakutungoja."