Mswada wa Marehemu

Hafidhi alikufa Jumatatu. Jumatano mchana akapanda ngazi za mchapishaji, pale Kariakoo, juu ya duka la mabakuli ya plastiki, mswada wake kwapani.

Kufa kulikuwa rahisi. Steshenari ya Msimbazi ilimwongezea neno moja kwenye jalada, mbele ya jina lake: Marehemu. Kwenye mitumba ya Mchikichini alipata miwani myeusi na kanzu iliyokwisha kuhudhuria misiba ya wengine. Kuanzia hapo akawa Safari, mdogo wa marehemu.

Alipokuwa hai, riwaya hiyohiyo ilikataliwa mara tatu. "Soko halijawa tayari," alijibiwa kila mara, na mara ya tatu bahasha ilirudi haijafunguliwa. Kisha akamsikia mchapishaji mwenyewe, Bwana Melkiori, akisimulia redioni kwa sauti ya kilio jinsi alivyotoa kitabu cha mwalimu mmoja wa Lindi, kilichokutwa mvunguni baada ya mazishi. Watu walikigombania.

"Nchi hii," alisema Melkiori, "haiwajui waandishi wake mpaka iwazike."

Hafidhi alizima redio, akaenda kutafuta kanzu.

Kwenye benchi la kusubiria aliwakuta watu wawili, kila mmoja na bahasha yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee aliitazama ile miwani. "Umefiwa?"

"Kaka yangu. Juzi."

"Pole sana. Mimi ni mpwa wangu. Kijana mdogo, kipaji cha ajabu." Mzee Shomari alitikisa kichwa. "Sura yake ya nne ingemliza hata mgambo wa jiji."

Upande wa pili, mwanamke aliyejitanda khanga nyeusi alikuwa akikata sentensi kwa kalamu nyekundu na kuandika nyingine juu yake.

"Na wewe, dada?"

"Mume wangu," alisema Mwanne bila kuinua kichwa. "Alinipa masahihisho wakati anakata roho."

Hafidhi akatupia jicho ukurasa uliojaa wekundu. "Yote hayo?"

"Alikata roho taratibu."

Hafidhi akaona haya. Wenzake wamekuja na misiba ya Mungu, yeye amekuja na wa kuchonga. Akigundulika, hakuna mchapishaji mjini atakayemfungulia mlango tena, awe hai au maiti. Alinyanyuka nusu, aondoke. Kisha akaikumbuka miaka sita aliyoandika akiwa amejifungia stoo huku mkewe akiwaambia majirani kwamba ana malaria. Akakaa, akainamisha kichwa, akajaribu kujililia.

"Jikaze, mwanangu," mzee alimnong'oneza. "Mimi mwenyewe nilipopata habari za mpwa wangu nilishindwa hata kuandika."

"Kuandika nini, mzee?"

Mzee alikohoa. "Taarifa ya msiba."

Mlango ukafunguliwa. Rachel, katibu wa Melkiori, alichungulia, akayapitisha macho benchi zima, toka kwenye miwani myeusi hadi kwenye kalamu nyekundu. Hakuonyesha kushangaa.

"Marehemu anayefuata!"

Hafidhi akajikuta amesimama. Mzee Shomari alikuwa amekwisha kushika kitasa.

"We babu, foleni!" Mwanne alimvuta koti. "Mimi nimekufa tangu asubuhi!"