Kontena Jepesi

Mtandao wa hospitali ile ya mlimani ulikuwa dhaifu, hivyo Zamaradi, mtengeneza programu, alitakiwa kulipunguza kontena ili lipakuliwe upesi, yaani kile kifurushi kinachobeba programu pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi. Akaanza kufuta. Aliondoa miongozo, akaondoa picha, akafika kwenye faili la majira ya saa za dunia.

"Hili nalo la nini?" alimuuliza mwenzake, Shomvi.

"Sijui. Litoe, ujaribu."

Akalitoa. Programu ikawaka bila kulalamika, na kontena likawa jepesi kama pamba. Mkuu wao akampigia makofi mbele ya wote.

Usiku huo kontena likawashwa hospitalini, na kesho yake aliitwa wodi ya wazazi. Alimkuta Sista Mwamvua, muuguzi pekee wa zamu ile, amekaa sakafuni.

"Dada, kompyuta yenu ndiyo hunikumbusha sindano," alisema. "Leo imenyamaza. Nilikuwa nazalisha wengine, nikaiamini. Yule mama mwenye kifafa cha mimba hatunaye tena."

Zamaradi aliitazama skrini. Ilikuwa nyuma kwa saa tatu. Bila lile faili, programu ilikuwa ikifuata saa za ng'ambo.

Mume wa marehemu akaingia na chupa ya uji, akiuliza mkewe amehamishiwa kitanda gani. Kabla hajajibiwa, kompyuta ikaanza kulia: muda wa sindano umefika.